Magnesiamu kwa moyo unaodunda ovyo na uchovu: mwongozo kamili wa kupima, kununua na kumeza

Moyo ukianza kwenda mbio bila sababu, ukadunda kwa nguvu usiku unapolalia ubavu wa kushoto, au ukaruka pigo moja kisha ukarudi kwa kishindo, mtu huingiwa na hofu. Ukijumlisha na uchovu usioisha hata baada ya kulala, wengi siku hizi hukimbilia duka la dawa na kuulizia magnesiamu. Mara nyingine ndiyo dawa yenyewe. Lakini mara nyingi shida iko kwingine, na miezi hupotea bure huku upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi la shingo ukiendelea kumla mtu taratibu.

Magnesiamu humsaidia aliyepungukiwa nayo. Asiyepungukiwa, ushahidi kwamba itamtuliza moyo au kumwondolea uchovu ni mdogo sana, na anachoambulia zaidi ni tumbo la kuhara. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vidole kwenye kifundo cha mkono, na chupa inafuata baadaye.

Kwanza: dalili zisizosubiri

Nenda hospitali sasa hivi, wala usipitie duka la dawa, ikiwa moyo kwenda mbio umeandamana na kifua kubana au kuuma, kuzimia au giza kuingia machoni, kuhema kwa shida, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ghafla. Vilevile ikiwa mapigo yamepita 120 kwa dakika nawe umekaa, na hayashuki baada ya robo saa ya kupumzika. Anayesikia moyo ukiharibika mwendo akiwa katikati ya mbio, mpira au kazi ya kubeba mizigo asijitibu, na pia yule ambaye katika ukoo wao kuna kijana aliyeanguka na kufariki ghafla. Mama mjamzito au aliyejifungua miezi michache iliyopita, akiwa na moyo mbio pamoja na miguu kuvimba na kukosa pumzi anapolala chali, anahitaji kuonwa siku hiyohiyo, kwa sababu kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wazazi wa karibuni.

Piga 999 au 112, lakini kama gari la karibu ni tuktuk ya jirani, panda. Hapa Mombasa, anayeishi Likoni au Mtongwe asipoteze muda kwenye foleni ya feri usiku wa manane: aanzie hospitali ya Likoni, akipewa rufaa ndipo avuke kwenda Makadara, yaani hospitali kuu ya Pwani.

Hatua ya 1: Hesabu mapigo, uandike

Kaa dakika 5 bila simu wala mazungumzo. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ukibonyeza kidogo tu. Usitumie kidole gumba, kwa kuwa kina mshipa wake unaopiga na utahesabu huo badala ya ule unaoutafuta. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na njia hiyo inatosha moyo ukienda sawa, lakini kwa moyo unaorukaruka inadanganya.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Zaidi ya hesabu, sikiliza mpangilio. Je, yanakwenda sawa kisha moja linaruka mara mojamoja? Hayo ni mapigo ya ziada, ambayo watu wengi wenye moyo mzima huwa nayo. Je, hayana mpangilio wowote, kama mtu anayegonga meza ovyo? Hiyo huenda ni dalili ya moyo kutetemeka vyumba vya juu, hali inayoweza kugandisha damu na kuleta kiharusi. Huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, ECG, na kidonge cha magnesiamu kikimtuliza kidogo huenda kikamchelewesha kukipata.

Kwa wiki 2 andika kwenye daftari: siku, saa, mapigo, dakika ngapi yalidumu, ulikuwa umekula au kunywa nini katika muda wa saa 3 zilizopita, na ulilala kiasi gani. Daftari hilo ndilo litakalosema baadaye kama magnesiamu imefanya kazi. Bila hilo utabaki kukisia.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyoupiga moyo mijeledi

Hapa Mombasa kuna mambo machache yanayopaswa kuulizwa kabla ya jambo lolote. Kahawa tungu ya barazani jioni: kikombe ni kidogo lakini kahawa yenyewe ni nzito, na mtu anayekaa hadi isha huongezewa mara 3 au 4 bila kujua. Miraa na muguka: vina kichangamsho kinachopandisha mapigo na presha, huua hamu ya kula na hufukuza usingizi, kwa hiyo mlaji hupata moyo mbio usiku na uchovu mchana, dalili zilezile anazotaka kuzitibu kwa magnesiamu. Wengi huvisukuma kwa soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, na hapo kafeini hupanda juu yake. Kidonge hakishindi mchanganyiko huo. Kata miraa, muguka na vinywaji vya nguvu kabisa kwa wiki hizo 2, na kahawa ipunguze kikombe kimoja kila baada ya siku 2, maana ukiikata ghafla kichwa kitauma na uchovu utazidi, nawe utadhani umezidiwa na ugonjwa.

Angalia dawa pia. Vidonge vingi vya mafua vina kiungo cha kuzibua pua kinachoukimbiza moyo. Pampu ya pumu ya bluu hufanya hivyohivyo, lakini hiyo usiiache: rudi kwa daktari ukiona unaihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, kwani maana yake pumu haijadhibitiwa.

Kisha kuna joto. Kuanzia Januari hadi Machi, fundi wa juani au mama anayepika jikoni bila dirisha hutoa jasho jingi, damu hupungua maji, na moyo huongeza mwendo kufidia. Mkojo wa manjano iliyokolea ni dalili yake. Huyo anahitaji maji na kivuli kwanza.

Hatua ya 3: Vipimo, kwa mpangilio wa maana

Ukifika kliniki, omba vipimo hivi pamoja ili utobolewe sindano mara moja: wingi wa damu, sukari, utendaji wa figo pamoja na potasiamu na kalsiamu, homoni inayochochea tezi la shingo iitwayo TSH, na magnesiamu. Ongeza ECG. Kama kuna homa, pima malaria. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito apime na hilo.

Wingi wa damu ndio kipimo tusichokubali kirukwe. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 11 kwa mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, moyo mbio na uchovu vina maelezo tayari. Hedhi nzito, minyoo, malaria ya mara kwa mara na selimundu, ambayo Pwani inajulikana sana, zote hupitia mlango huu. Kumpa mtu wa namna hiyo magnesiamu badala ya kutafuta damu inapotea wapi ni kumkosea.

Kuhusu kipimo cha magnesiamu chenyewe, maabara nyingi huhesabu kiwango cha kawaida kuwa takriban 0.7 hadi 1.0 milimoli kwa lita, lakini soma mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako. Ikiwa chini ya 0.5, hilo ni jambo la hospitali na dripu inayosimamiwa, si la vidonge vya nyumbani. Majibu ya kawaida nayo yasomwe kwa tahadhari. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu iko mifupani, na iliyo kwenye damu haifiki asilimia 1. Mwili huikopa mifupani ili damu isipungukiwe, hivyo mtu anaweza kuwa na akiba ndogo na karatasi nzuri. Sampuli iliyotolewa kwa tabu hadi chembe za damu zikapasuka nayo hupandisha namba kwa uongo, maana ndani ya chembe kuna magnesiamu nyingi kuliko kwenye maji ya damu.

Potasiamu itazame kwa jicho hilohilo. Magnesiamu ikipungua, figo humwaga potasiamu kwenye mkojo, na mtu atakunywa potasiamu wiki nzima isipande. Ukiona potasiamu imekataa kupanda, muulize daktari kuhusu magnesiamu.

Hatua ya 4: Je, wewe ni wa kupungukiwa?

Upungufu wa kweli huwa na sababu, na sababu nyingi ziko kwenye mfuko wa dawa. Vidonge vya presha na vya kupunguza maji mwilini kama furosemidi na haidroklorothiazidi humwaga magnesiamu kwa mkojo. Omeprazo na ndugu zake za vidonda vya tumbo, zikitumiwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, huzuia isifyonzwe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2011. Hapa omeprazo hununuliwa kaunta kwa wepisi sana, na kuna watu wanaoimeza mwaka wa tatu bila daktari yeyote kujua. Kwa hao, swali la kwanza ni kama bado wanaihitaji.

Wengine ni wagonjwa wa sukari isiyodhibitiwa, kwa kuwa mkojo mwingi huondoka na magnesiamu, watu wa kuhara kwa muda mrefu, wanywaji wa pombe nyingi, na wazee wanaoishi kwa chai na mkate mweupe. Misuli kukaza usiku, kope kucheza na ganzi za vidole huongeza shaka, ingawa peke yake hazithibitishi kitu.

Nani asimeze

Mwenye figo dhaifu asiguse bila daktari wake. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Zikishindwa, hujaa kwenye damu na kuleta kichefuchefu, usingizi mzito, misuli kulegea, presha kushuka na mwisho moyo kupunguza mwendo hadi kusimama. Hii ndiyo sababu ya kupima figo kabla, hasa kwa mgonjwa wa sukari au presha wa miaka mingi. Wengine wa kuepuka ni mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka uitwao miasthenia gravisi, mwenye moyo unaokwenda polepole au wenye njia ya umeme iliyoziba, na anayetumia spironolaktoni au amiloridi, dawa za kupunguza maji mwilini ambazo tayari huzuia magnesiamu isitoke.

Na tafadhali, usimeze chumvi ya haluli kama kirutubisho. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5, kina takriban miligramu 500 za magnesiamu. Ni dawa ya kuharisha, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka ni hatari ya kweli. Dripu za magnesiamu na vitamini zinazotiwa majumbani nazo uzikatae: ikiingia kwa kasi kwenye mshipa huangusha presha na inaweza kuzuia pumzi.

Hatua ya 5: Kununua na kusoma lebo

Namba kubwa ya mbele ya chupa ndiyo inayopotosha zaidi. Mara nyingi huonyesha uzito wa chumvi nzima, si magnesiamu iliyomo. Geuza chupa, tafuta jedwali la nyuma, uangalie magnesiamu yenyewe ni miligramu ngapi. Mara nyingi huandikwa pamoja na neno «elemental». Kama haikuandikwa, piga hesabu mwenyewe. Magnesiamu oksaidi ni takriban asilimia 60 magnesiamu, kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 kina 300. Sitreti ni takriban 16, glisineti 14, kloraidi 12. Hivyo glisineti ya miligramu 1,000 ina 140 tu. Tazama pia kipimo cha jedwali ni vidonge vingapi, maana wengine huandika hesabu ya vidonge 2 au 3.

Oksaidi ni rahisi kwa bei na namba yake inavutia, lakini haifyonzwi vizuri, na sehemu kubwa hubaki utumboni ikivuta maji. Tunapendelea sitreti kwa mtu mwenye choo kigumu, na glisineti kwa mwenye tumbo jepesi. Glisineti ya bei ya chini ajabu mara nyingi imechanganywa na oksaidi, na orodha ya viambato ndiyo itakayoifichua. Vidonge vya povu huwa na sodiamu nyingi, kwa hiyo mgonjwa wa presha avipite. Ikiwa kuna vitamini B6 ndani, chagua yenye kiasi kidogo: ikitumiwa kwa wingi muda mrefu, B6 huharibu neva za miguu na mikono. Dawa ya kiungulia ya trisiliketi ina magnesiamu pia, nayo ihesabiwe kama unaitumia.

Nunua kwenye duka lenye mfamasia na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, chupa ikiwa na muhuri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ili kulinganisha bei, gawanya bei kwa jumla ya miligramu za magnesiamu yenyewe kwenye chupa.

Hatua ya 6: Kumeza

Anza na miligramu 100 za magnesiamu yenyewe, baada ya chakula cha jioni, kwa siku 4. Tumbo likitulia, panda hadi 200. Kaa hapo. Kama ulikuwa na sababu ya wazi ya kupungukiwa, unaweza kufika 300 kwa kugawa, 150 mchana na 150 usiku, kwa kuwa utumbo hufyonza vizuri dozi ndogo kuliko kubwa ya mara moja. Wataalamu wa Marekani wameweka mpaka wa 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge, wa Ulaya 250. Juu ya hapo ni kwa amri ya daktari. Mjamzito asianze bila kliniki yake.

Choo kikilegea, rudi dozi ya nyuma au badilisha aina. Usivumilie ukidhani mwili utazoea, kwani kuhara huondoa potasiamu na maji, na moyo utaruka zaidi kuliko ulipoanza. Usingizi wa ajabu, kulegea au mapigo chini ya 50 ukiwa si mwanariadha: acha, uende hospitali.

Kuachanisha na dawa nyingine ndipo wengi hukosea. Magnesiamu hujifunga na baadhi ya dawa tumboni na zote mbili hutoka bila kufyonzwa. Dawa ya tezi, levothairoksini, iachanishwe kwa muda wa saa 4. Vidonge vya madini ya chuma, muda wa saa 2. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri azimeze muda wa saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Akizoea kuzimeza saa 3 usiku, basi magnesiamu aile na chakula cha saa 7 mchana. Hili lisichukuliwe kwa wepesi, maana dawa ikishuka kwenye damu, virusi hupata nafasi ya kuzoea. Ukiandikiwa antibiotiki za doksisaiklini au siprofloksasini, sitisha magnesiamu mpaka dozi iishe. Anayetumia dawa ya moyo ya digoksini aongee na daktari wake kwanza.

Mfano wa siku kwa mama mwenye dawa ya tezi na chuma: levothairoksini saa 12 asubuhi kabla ya kula, chuma saa 7 mchana, magnesiamu saa 2 usiku baada ya chakula. Mwezi wa Ramadhani ipeleke baada ya futari au tarawehe. Usiimeze wakati wa daku, kwa sababu ikikuharisha alfajiri utashinda na kiu kutwa nzima, na moyo utakimbia kwa ukosefu wa maji.

Chupa iweke kabatini penye ukavu, kifuko cha kukausha kikiwa ndani. Unyevu wa Mombasa huvimbisha vidonge vya povu na kuyeyusha vya kloraidi.

Sahani ifanye kazi yake

Mwanamke mzima anahitaji takriban miligramu 310 hadi 320 kwa siku, mwanamume 400 hadi 420, na sahani ya Pwani inaweza kufikisha nyingi kati ya hizo. Mbaazi za nazi kikombe kimoja zina takriban 75. Konzi ya korosho, gramu 30, takriban 80. Karanga kiasi hicho, 50. Mbegu za maboga, 150. Ndizi mbivu moja, 30. Maji ya dafu glasi moja, takriban 60, pamoja na potasiamu miligramu 600 hivi, kwa hiyo mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za presha za kuhifadhi potasiamu asinywe madafu bila kuuliza. Mchicha upike kwa maji yake mwenyewe. Ukiuchemsha na kumwaga maji, umemwaga na magnesiamu. Unga uliokobolewa umeshapoteza sehemu kubwa, hivyo ugali wa unga wa kusagisha na maganda yake una faida kuliko ule mweupe wa pakiti.

Hatua ya 7: Kuamua

Kaa na dozi yako wiki 4 hadi 6 bila kubadilisha jambo jingine, ukiendelea kuandika daftari. Kisha linganisha na zile wiki 2 za mwanzo: vipindi vya moyo mbio vimepungua kwa hesabu, au ni moyo tu unaotamani viwe vimepungua? Ikiwa hakuna tofauti, acha na urudi kwa daktari na daftari. Omba kipimo cha umeme wa moyo cha kuvaa saa 24, kwani ECG ya dakika moja huwa safi kabisa siku ambayo moyo umeamua kutulia.

Ikiwa kuna nafuu, acha kwa wiki 2 uone kama dalili zinarudi, isipokuwa daktari alikuanzishia kwa upungufu uliothibitishwa. Zisiporudi, huna haja ya kuendelea kununua. Zikirudi, anza tena kwa dozi iliyokufaa, na baada ya miezi 3 rudia kupima magnesiamu, potasiamu na figo. Anayeendelea na dawa ya kumwaga maji au omeprazo kwa amri ya daktari atahitaji kipimo hicho kila mara, kwa sababu tundu linalovuja bado liko wazi.